Chupa ya Kalibu

Fundi wa maabara yetu aliniomba jambo moja tu katika miaka yote niliyofanya naye kazi. Alitaka aone kwa macho yake fuwele ikiyeyuka mpaka iishe, na plastiki iliyokuwa imejificha ndani ya vitundu vyake ibaki imesimama na umbo lilelile. "Nikiona hilo, mwalimu, hata wakinistaafisha kesho nitaondoka bila neno," alisema. Nikamwahidi ataona. Niliahidi upesi, bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi za wanafunzi nilizokuwa nikisahihisha.

Mimi ni mzaliwa wa Shika Adabu, Likoni, na wenzangu chuoni walipenda kunitania kwamba jina la mtaa lilinipita kando. Nina majibu ya mkato, sikatai. Lakini jambo nililokuwa mkali nalo kuliko yote ni lugha. Babu yangu mzaa baba alikuwa sonara wa mjini aliyehamia ng'ambo ya feri na watoto wake, na nyumbani kwake Kiswahili kilitunzwa kama vikombe vya kabatini. Mtoto aliyetamka neno upande hakupewa mkate wake mpaka alinyooshe. Mgeni wa bara akipita na kusema nyumba yake "inakaa" pale mbele, tulimcheka hadi jioni, tukiulizana imekalia kiti au mkeka. Nilikua nikiamini kwamba kusema vizuri na kuwa mtu mzuri ni jambo moja, na hakuna aliyenisahihisha hapo.

Fundi wetu alikuwa Mkamba aliyeteremka pwani akiwa kijana, akaoa huku, akapanga Chaani na kuzeekea huko. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kufungua na kufunga milango, na kuhakikisha gesi haivuji. Kazi aliyoifanya hasa ilikuwa kutuokoa sisi wasomi. Mwanafunzi akikosea vipimo, yeye ndiye aliyejua kabla ya mwalimu, kwa kuangalia rangi tu akiwa amesimama mlangoni. Vyombo alivyoviosha havikuwa na doa. Alinyoa ndevu kila siku na koti lake jeupe alilifulia nyumbani, maana hakumwamini dobi wa chuo.

Ila hakuwa na r. Kikamba hakina sauti hiyo, na ulimi uliokulia bila r ukizeeka haukubali kufundishwa. Kila asubuhi alinisalimia kwa maneno yaleyale: "Kalibu, mwalimu. Maabala ni safi."

"Maabara, mzee. Raaa."

"Asante, mwalimu. Maabala."

Wanafunzi waliangua kicheko, na yeye alitabasamu na kwenda zake. Nilifanya hivyo mbele za watu, si mara moja wala mbili. Alikuwa sawa na baba yangu kwa umri. Nilijiambia ninamfanyia hisani, nisije nikamwacha mzee wa watu akachekwa huko nje, kana kwamba nje kulikuwa na mtu aliyemcheka kunishinda mimi.

Chuo chetu kiko upande wa Kisauni, hatua chache kutoka Bombolulu. Nilikuwa nikifundisha kemia huku nikitafuta shahada yangu ya uzamivu, na utafiti wangu ulikuwa huo wa fuwele. Nitaueleza kama nilivyomweleza yeye. Kuna fuwele ambazo ndani yake ni vitundu vitupu, vimepangana sawasawa, vidogo hata jicho la hadubini yetu halikuviona. Ukiingiza humo majimaji ambayo ndiyo mbegu ya plastiki, kisha ukapasha moto, majimaji yanashikana na kuwa nyuzi ndefu. Plastiki inayotengenezwa sufuriani nyuzi zake hujisokota ovyo kama tambi zilizopikwa. Ile inayotengenezwa ndani ya vitundu haina nafasi ya kujisokota, inanyooka kwa lazima. Baadaye unamwaga tindikali nyepesi, fuwele inayeyuka na kwenda zake, na plastiki inabaki imenyooka, ikiwa na njia nyembamba katikati yake. Nilitumaini siku moja njia hizo zichuje chumvi kwenye maji ya visima vya kwetu Likoni, ambako chai ya mama yangu haikuwahi kuwa tamu hata atie sukari kilo.

Niliona haya kuwafundisha wanafunzi jambo hilo kwa maneno ya kuazima. Nikakumbuka babu yangu na kile alichomiminia fedha iliyoyeyuka ili itoke pete au kikuku. Nikaandika ubaoni: KALIBU. Nikawaambia fuwele ni kalibu, plastiki ndiyo pete.

"Kalibu," nikarudia, na ulimi wangu ukaniwasha. "Si karibu ya kukaribisha mgeni. Wengine hapa watachanganyikiwa."

Wanafunzi waligeuka wote kumwangalia mzee aliyekuwa akipanga chupa kule nyuma. Akacheka pamoja nao. Kisha akatoa daftari lake dogo mfukoni akaandika neno lile. Darasa zima lililitamka kwa kusitasita, lakini yeye lilimtoka vizuri mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo kazi ile ikawa yake kuliko yangu. Saa ya mapumziko alitembea mpaka Bombolulu, kwenye karakana wanakofua vito, akasimama na mafundi wa pale kuuliza wanavyomimina shaba. Alirudi amefurahi. "Wao wanavunja udongo ndipo heleni itoke," aliniambia. "Sisi hatuvunji, tunayeyusha. Lakini ni kitu kimoja, mwalimu. Lazima kalibu ife." Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hilo na hakuna kilicholisema kwa maneno machache hivyo. Nikamwambia, "Hereni, mzee."

Unga tuliouhitaji kukuzia fuwele ulichelewa kuja kutoka ng'ambo. Yeye akaja na gunia la chupa za maji alizookota Chaani. Alikuwa ameniuliza siku moja plastiki ya chupa zile imetokana na nini, nami nikamjibu bila kufikiri, kwamba nusu yake ni unga uleule tunaousubiri. Basi akazikata kwa mkasi vipande kama kucha, akavichemsha kwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, akachuja, akatia tindikali, na chini ya chombo ukatua unga mweupe. Tukaupima. Ulikuwa wenyewe. Nilifurahi sana siku hiyo na nilimwambia hivyo, na nashukuru kwamba angalau hilo nililisema.

Kuzikuza fuwele kukatushinda. Tulichanganya unga ule na chumvi ya zinki ndani ya kiyeyushi, tukaweka kwenye oveni, na kila mara zilitoka ndogo, zimechafuka, kama unga wa muhogo. Tulihitaji zilizo kubwa na angavu, zenye pembe kamili. Lori la makontena likipita barabarani vioo vyote vilitetemeka, na fuwele haipendi kutikiswa. Na mimi sina subira. Nilifungua oveni kila baada ya kipindi kuchungulia.

"Hii ni kama kuku anayeatamia, mwalimu," alinionya. "Ukimfunua kila saa utakula mayai viza."

Alileta sufuria ya mchanga wa pwani, akazika chupa ndani yake ili mtikisiko wa malori usizifikie. Wiki hiyo ndiyo mume wangu alipofariki.

Alitoka nyumbani mzima, akaanguka kazini, na ndugu zake wakanipigia simu nikiwa darasani. Sitaandika zaidi juu yake hapa, maana nikianza sitamaliza hili nililolianza. Nilikaa eda kwa mama yangu, Shika Adabu, miezi minne na siku kumi. Shangazi alilala chumbani nami. Kila nilipoacha sahani aliisogeza tena mbele yangu, akinibembeleza niache kulia, nile: "Wata kulia, mwanangu. Ndoo ule." Nilikula ili anyamaze.

Fundi alikuja siku ya maziko pamoja na walimu wanaume, akakaa nje kwenye viti. Baada ya hapo hakuja wala hakupiga simu. Mtu fulani chuoni alikuwa amemweleza kwamba mjane aliye katika eda hasemezwi ovyo na wanaume wa kando, na yeye, Mkristo wa watu, akalishika sharti hilo kuliko baadhi ya mashemeji zangu. Mwalimu mwenzangu wa kike alipokuja kunijulia hali aliniletea salamu zake: "Mzee anasema usijali, oveni iko sawa." Nilijibu "Mshukuru." Sikuuliza oveni inafanya nini. Kichwani mwangu sikuwa na oveni.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikavuka feri asubuhi nikiwa nimeketi nyuma ya watu ili nisione mtu ninayemjua. Nilipofika chuoni niliambiwa fundi hayupo. Aliugua tumbo, akapimwa, akalazwa, akatolewa. Amepewa ruhusa ya ugonjwa na huenda asirudi. Nilisikitika, lakini kwa juujuu. Niliyekuwa nimemzika alikuwa amejaza nafasi yote.

Juu ya meza yangu ya maabara palikuwa na chupa ya jemu, safi, imejaa vipande vyeupe vyenye pembe, vinavyong'aa. Kifuniko kilizungushiwa utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, tabaka juu ya tabaka. Ubavuni, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa mzee, paliandikwa: KALIBU. Chini ya chupa lilikuwepo lile daftari lake.

Nilisimama nikaisoma. Kisha nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mume wangu afe, na kicheko kilinitoka kwa nguvu mpaka mwenzangu akaja mbio kutoka chumba cha pili akidhani nalia.

"Tazama," nikamwambia. "Mzee ameniachia nabati. Ananikaribisha kutoka eda. Na hata kwenye maandishi, r imemshinda!"

Mtu wa kwetu atanielewa. Nabati, ile sukari ya mawe, ndiyo anayoletewa mzazi na mgonjwa na yeyote aliyetoka kwenye dhiki. Bibi yangu aliifungia kwenye chupa kama ile. Niliona pembe zake, nikaona weupe wake, nikaona neno la makaribisho lililokosewa, na sikuona kingine. Ndani, juu ya vipande, palikuwa na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu, kinachotiwa kwenye maboksi ya viatu. Nikadhani kimetoka nayo dukani. Neno nililifundisha mimi mwenyewe, ubaoni, kwa chaki yangu. Lakini lilipotoka mkononi mwake nililisoma kama kosa.

Nikaubandua ule utepe wote, nikafungua, nikanusa. Hapakuwa na harufu ya hiliki wala zafarani. Mazoea ya maabara yalinizuia kutia kipande mdomoni, na hapo ndipo elimu yangu iliponifaa mara moja siku ile. Nikaegesha kifuniko juu bila kukikaza, nikaiweka chupa dirishani pale penye mwanga, niwe ninaiona. Daftari nililitia kwenye droo. Mwandiko wake ulinichosha siku zote, na siku hiyo sikuwa na nguvu za kusoma l za mtu. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa njiani husimama. Nikachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikakata ile L kwenye chupa, nikaandika R juu yake.

Wiki nzima ilikaa pale. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na hewa ya Mombasa kila mtu anaijua: chumvi mezani inalowa, biskuti zinalegea kabla ya chai kupoa. Kila nilipopita niliiangalia ile chupa na kujisikia nafuu kidogo. Nilimfikiria mzee kwa upendo. Hilo nalo ni kweli, na halinisaidii kitu.

Siku ya nane mkewe akanipigia simu. Ni mama aliyezaliwa hapohapo Chaani, msemaji taratibu. Tulisalimiana, akanipa pole ya msiba, nikampa pole ya mgonjwa.

"Mzee anauliza kama umeshaifanya ile kazi," akasema.

"Kazi gani, mama?"

"Ya kwenye chupa. Anasema amekuwekea juu ya meza, usije ukafungua mpaka uwe tayari. Anataka ukimaliza umletee aone. Daktari ametuambia tukae naye nyumbani, mwalimu. Hakuna dawa tena."

Nilimwambia nitampigia. Nilitoa daftari kwenye droo nikalisoma nimesimama. Alikuwa ameandika kila siku ya eda yangu mpaka alipolazwa. Mara ya kwanza alipopika, kiasi gani, oveni kwenye joto gani, malori mangapi yalipita mchana. Zilipotoka mbaya aliandika "mbaya" na kuanza upya. Alichukua unga wote wa zile chupa za Chaani. Mwezi wa tatu aliandika: "Leo moja kubwa, pembe nne, safi. Nimeomba Mungu." Baada ya hapo mwandiko ulianza kuyumba, na aliandika mara mbili kwamba ametapika. Ukurasa wa mwisho ulisema: "Zote ziko kwa chupa ya kalibu, meza ya mwalimu. Zisipate hewa. Asifungue mpaka siku ya kuingiza majimaji. Mungu amtie nguvu."

Niliiteremsha chupa dirishani. Zile pembe bado zilikuwapo, lakini mng'ao ulikuwa umeondoka. Zilikuwa nyeupe za kufifia, kama jino la maiti. Niligusa moja kwa kibano ikavunjika. Niliiweka nyingine chini ya hadubini nikaona nyufa zimeipasua pande zote. Fuwele za aina hii zinaogopa maji. Unyevu unaingia kwenye vile vitundu, unafungua viungo vya nyumba, na nyumba inaanguka kwa ndani huku kuta za nje zikikudanganya bado zimesimama. Hata hivyo niliingiza majimaji, nikapasha moto, nikamwaga tindikali. Kulibaki tope. Nilifunga mlango wa maabara nikalia kilio ambacho shangazi angetaka kukinyamazisha. Nilimlilia mzee, nikamlilia na mume wangu, na sikuweza kutenganisha kilio cha huyu na cha yule.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hiyo shuleni niliwahi kuijibia swali la mtihani.

Niliamua kuzikuza upya. Niliokota chupa za maji mwenyewe, nikazikata, nikazichemsha. Nilifuata daftari lake neno kwa neno, na nilipokuwa nikisoma "halaka" na "majalibio" sikucheka. Nilizika vioo kwenye mchanga. Sikufungua oveni. Mara ya kwanza zilitoka unga wa muhogo. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu niliona moja yenye pembe mbili, na nikajua kwamba kilichokosekana hakiko daftarini, kiko mikononi mwake, na mikono hiyo imelala Chaani. Mkewe alinipigia tena. "Anauliza," alisema tu.

Kuna siku nilifikiri kumpelekea plastiki yoyote ile. Ningeikata mchemraba mdogo, ningeitia kwenye kichupa, nimwambie hii hapa. Nilishika wembe. Lakini mtu aliyejua kosa la mwanafunzi kwa rangi tu, akiwa mlangoni, nisingemdanganya kwa plastiki. Nikaamua nitakwenda na kumwambia ukweli wote, hata kalamu nyekundu. Nilikariri maneno njia nzima.

Yaliyotokea huko Chaani sijamweleza mtu. Mzee alifariki wiki mbili baadaye, akasafirishwa kwao Ukambani, na mazishini sikwenda, nikasingizia mitihani. Mkewe bado hunitumia salamu za sikukuu.

Nilifika kwake alasiri. Walikuwa wamemtolea kitanda barazani kwa ajili ya upepo, kwenye ua wa nyumba za kupanga, na nguo za majirani zimeanikwa pande zote. Alikuwa amepungua, kichwa kimebaki kikubwa juu ya mto. Ndevu zilikuwa zimenyolewa. Mkewe aliniwekea kigoda karibu naye, akakaa upande wa miguu akiikanda.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwalimu. Pole na msiba. Sikuja tena kukuona. Waliniambia si vizuli."

"Ulifanya vyema, mzee. Ulinistahi."

Akaangalia mkoba wangu. "Umekuja nayo?"

"Sikuja nayo, mzee."

Alisubiri. Hakuwa mtu wa kuharakisha jibu la mwenzake.

"Fuwele zimekufa," nikasema. "Zimeingiwa na unyevu."

"Zote?"

"Zote."

"Zimekuwa unga?"

"Ukizigusa, unga."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikavuta pumzi nianze yale niliyoyakariri: nilifungua mimi, nilicheka, nilidhani ni nabati, nilikata herufi yako. Maneno yalikuwa tayari kinywani, yamepangika, kila moja na herufi zake zote. Akafumbua macho kabla sijasema, akainua mikono yake miwili kutoka kwenye shuka na kuitazama. Ilikuwa ikitetemeka.

"Basi ni mimi," akasema. "Siku ile nafunga kifuniko hii mikono ilikuwa hivihivi. Dawa zilikuwa zimenianza. Nilizungusha utepe mala nyingi kwa sababu nilijua sikukaza. Nilijua, mwalimu, na nikaondoka nikijidanganya."

Mimi ndiye niliyeubandua utepe ule. Ulikuwa umekaza mpaka ukucha wangu ukavunjika. Hilo pia nilikuwa nalo kinywani.

Lakini kumwambia hilo kulitaka kumwambia na lingine, na la tatu, mpaka kile kicheko, mpaka ile kalamu. Ningemwambia kwamba nilipoona neno lake nilimwona mjinga. Ningeyasema mbele ya mkewe. Nilijiambia anakufa, mwache afe na heshima yake, na hata wakati ninajiambia hivyo nilijua heshima niliyokuwa nikiilinda ni ya nani.

Nikanyamaza. Yeye akauona ukimya wangu akadhani ni hasira.

"Umetoka kumzika bwana yako," akasema, na machozi yakamteremka pembeni hadi masikioni. "Umekaa ndani miezi yote hiyo. Unatoka, na mimi nimekuhalibia kazi yako. Nisamehe, mwalimu."

"Msamehe," mkewe akaniomba kwa sauti ya chini, bado akikanda ile miguu. "Hana amani na hilo jambo. Tangu wiki iliyopita anajiuliza mbona huji."

Wote wawili walinitazama wakingoja.

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru.